Safu ya Sababu

Kitendawili: nyumba yangu haina mlango.
Nami nimeitoboa dirisha,
dogo kama ukucha wa kidole gumba,
kwa mkasi wa mshonaji na pumzi niliyoizuia.

Tartu, Februari. Theluji imemeza baiskeli ya bawabu.
Humu, katika kabati la joto,
mayai arobaini yamelala ubavu.

Hili ni la siku ya nne.
Kitu kimejikunja kama koma,
jicho jeusi limekitangulia kichwa,
moyo tayari una siku mbili kazini.
Kisha kichwa kinainama.
Kidogo tu,
kama mtu anayesinzia katikati ya hotuba.

Profesa Kuusik anataka safu nne:
siku, saa, mwendo, sababu.

Nimemgusa kwa unywele mmoja wa brashi. Wapi.
Neva za kuhisi bado ziko njiani,
hazijafika ngozini.
Haoni, hasikii, hajui kuguswa ni nini,
na anatikisika.

Jirani yake ana siku tisa:
mguu huku, bawa kule,
mdomo unafumbuka bila neno,
kila kiungo na lwake,
mithili ya wapiga vinanda wanaojaribu ala
kabla kiongozi hajapanda jukwaani.
Halafu kimya.
Nahesabu hadi hamsini na tatu.
Halafu tena, fujo ile ile.

Helmi, meza ya pili, anasema wanajifunza kutembea.
Sina hakika.
Ila yule tuliyemlegeza kwa dawa mwezi uliopita,
akakaa tuli kama tulivyotaka,
tulimkuta na magoti yaliyoshikana
kama bawaba zilizoliwa na kutu.
Sikuzungumza siku ile hadi jioni.

Usiku Arvo ananiamsha: umenipiga teke.
Nilikuwa naota?
Hata. Ulilala fofofo.
Uliniegemea? Blanketi lilivutwa?
Hakuna kilichokugusa, mke wangu. Lala.

Sikulala.

Asubuhi, saa mbili na dakika kumi,
la siku ya nne ni la siku ya tano.
Naandika: kichwa, kisha mkia,
kisha mwili mzima, kushoto, kulia.
Kalamu inafika safu ya mwisho, inasimama.
Profesa atauliza.
Nyumba haina mlango, nitamwambia,
na hakuna aliyepiga hodi.

Naziba dirisha kwa nta na kipande cha kioo.
Chini yake, kichwa kinainama.