Jedwali la Majirani

Visima mia tatu na kumi na sita.
Nimevihesabu kwa miguu, mvua ikininyeshea daftari,
kijiji cha Kolabhanga, kusini ya Dhaka,
kila bomba namba yake, kichupa chake,
na karatasi inayogeuka rangi:
manjano hafifu, hewala; kahawia, basi tena.
La kahawia tunalipaka nyekundu.
Lililo salama, kijani.

Maji yenyewe hayana siri usoni.
Ni baridi, ni maangavu, matamu kuliko ya mto,
na aseniki haina harufu wala haina haraka:
miaka kumi, kumi na mitano,
ndipo viganja vigeuke magome
na kifua kiote madoa
kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Hiki ki mtungini.

Ofisini mashine inanichorea zulia laini.
Imani yake ni moja tu: walio karibu hufanana.
Inawauliza majirani, inapima umbali, inajaza rangi.
Namba 117, kwa Shefali Mondol,
kichupa kilikuwa kahawia kama chai iliyolala;
ramani ikamtia kijani,
kwa kuwa wote waliomzunguka ni kijani.
Hesabu hii ilipitia kwa wachimba dhahabu,
nao walikuwa na neno, *punje*:
tofauti isiyokwisha
hata umbali ukikaribia sufuri.

"Nani katupaka rangi hii?" akauliza Shefali.
Nilikuwa na fomula. Kwa Kibangla ikawa kimya.
Akanikaribisha chai. Nikanywa.
Sikuuliza ni ya bomba lipi.

Kutoka kwake hadi bomba la kijani la Horipodo Baroi
ni hatua thelathini na mbili.
Katikati: ua wa mianzi,
kesi ya mpaka yenye umri wa miaka tisa,
na ng'ombe aliyekufa, ambaye kila upande una hadithi yake.
Mashine inasoma mita ishirini na nne.
Haina kipimo cha kununiana.

Na mimi lazima nijaze jedwali:
moja kwa jirani, sufuri kwa asiye jirani.
Kalamu ikasita kati ya 117 na 118.

Nililala kwa mwalimu, dirisha likitazama mianzi.
Saa kumi alfajiri Shefali akapenya uani,
mtungi kiunoni, kuelekea bomba la watu wasioamkiana naye.
Bomba kavu halitoi kitu
mpaka ulimwagie maji kidogo kwanza,
na mpini wake huamsha mtaa.
Lakini chini yake palikuwa na kopo,
limejaa, limefunikwa kwa jani la mgomba,
na mpini ulipanda ukashuka bila kulia.
Mafuta mapya.
Nyumbani kwa Baroi taa haikuwaka.
Nadhani ilikuwa imeamua kutowaka.

Mstari wa 117, safu ya 118.
Nikaandika moja,
kwa penseli.