Majina ya Alhamisi

Alhamisi saa tatu usiku majina hutoka,
kumi na watano, kuanzia golikipa
hadi yule wa pembeni kushoto,
na kaunti nzima huyasoma kama barua iliyokawia.

Mimi huwa nimeyajua tangu Jumanne.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya timu huijua mashine yangu ya kufulia.
Phelim, kocha, hunijia mlangoni na mvua mabegani:
"Madge, ishirini na sita iwe tayari.
Kumi na mbili usijisumbue kuipiga pasi."

Basi najua.
Kumi na mbili wiki hiyo ni sanamu ya kutishia ndege,
imesimamishwa shambani ili wapinzani
wapange mabeki wao kumzuia mtu
atakayekuwa benchi
na blanketi magotini.

Kwenye bucha la Hudie walikuwa wakibishana.
Yatoke Alhamisi, alisema mmoja, watu wapange safari zao.
Yatoke Jumapili, mwingine, dakika tano kabla ya filimbi,
nani humwonyesha adui kisu angali anakinoa?
Na Hudie, akipima soseji:
tangu lini kijitabu cha mechi kikawa msahafu?
Nilinyamaza. Nikalipa. Nikasahau chenji.

Kwa sababu kumi na mbili alikuwa Eunan Gildea,
miaka ishirini, fundi paa,
mara ya kwanza jina lake kutoka.
Wewe ni jina tu, kijana, aliambiwa, usimwambie mtu.
Hakumwambia mtu.
Majirani walipopita wakipiga honi
aliwapungia mkono taratibu,
kama mfiwa anayepokea pole
kwa msiba ambao haujatokea.

Na huko Glasgow, Condy baba yake,
mchimba mahandaki, miaka tisa hajakanyaga nyumbani
kwa ajili ya neno lililosemwa matangani
ambalo hakuna aliyelirudisha,
alilisoma jina lile.
Akalisoma tena kwa miwani ya mwenzake.
Akaomba ruhusa, akaazima koti,
akapanda basi la usiku, kisha feri, kisha basi tena,
bila kumpigia simu mtu yeyote.

Nilimwona Jumapili, kwenye jukwaa lisilo na paa,
kijitabu mkononi, kidole juu ya namba kumi na mbili
kana kwamba upepo ungeipeperusha.
Kipaza sauti kikakohoa:
kuna badiliko moja.
Umati ukacheka, huyo Phelim na ujanja wake!
Ishirini na sita akaingia mbio.
Condy hakucheka, wala hakutukana.
Alikikunja kijitabu mara nne,
akakitia mfukoni, upande wa moyo,
halafu akaanza kuitafuta benchi kwa macho,
sura moja, sura ya pili,
blanketi moja, blanketi la pili.

Tulishinda kwa pointi moja.
Phelim alinikonyeza: umeona?

Nimeona, ndiyo.
Mficha uchi hazai, alisema marehemu mama,
lakini huyu aliuficha na akazaa,
tena akazaa mtoto ambaye hakumtungia mimba:
maana kama angesema kweli ile Alhamisi
Condy angekuwa bado Glasgow, chini ya mto,
akichimba.

Jumatatu nikafungua mfuko wa jezi.
Kumi na nne zina matope hadi kwenye kola,
na ishirini na sita imechanika kwapani.
Kumi na mbili haina hata unyasi.
Ila begani, la kulia,
mahali ambapo mtu mrefu huweka kidevu
anapomkumbatia aliye mfupi kuliko yeye,
ina harufu ya tumbaku na ya nguo iliyolala safarini.

Sikuifua.

Bado wanabishana kwa Hudie, yatoke lini.
Wakinigeukia, wewe Madge unasemaje,
nawaambia nina haraka,
nanunua figo nusu kilo,
na chenji yangu naihesabu mara mbili.