Gego Langu Mbele ya Hadubini

Sampuli iwe kavu kabisa, walinionya.
Ndani ya chumba kile hakuna hewa,
na tone moja laweza kuharibu zamu ya watu wanane
waliojiandikisha daftarini tangu Februari.
Nikacheka kimoyomoyo. Maji ndiyo yaliyonileta.

Maji ya kisima chetu, kule Barut,
baridi, maangavu, hayana harufu,
yaliyotupaka kahawia meno darasa zima
hata siku ya picha ya shule tukafumba midomo
kama watu wenye siri moja.

Nimebeba vitu viwili katika kikopo cha dawa:
punje za mfupa wa ng'ombe, uliochomwa hadi ukawa mweusi,
uliokaa miezi sita ndooni kwa Mama ukichuja;
na kipande cha gego langu.
Daktari alitaka kulitupa.
Nilimwambia ni la mtihani.

Fundi Ong'ondi anavibandika juu ya vigingi,
kisha anavipaka dhahabu,
ukoga tu wa dhahabu, mwembamba kuliko pumzi kwenye kioo.
Dhahabu, Mama! Jino lile lile
ulilolisugua kwa majivu na limau
hadi fizi zikatoka damu.

Pampu inanguruma. Elektroni zinashuka.
Mara mia tano. Mara elfu tano.
Skrini ya Njoro haijui kahawia:
ni kijivu, na kijivu, na mashimo,
mashimo kama barabara ya kwetu baada ya masika.

"Jebiwott, lipi jino, upi mfupa?"
Sijui. Vigingi sikuvitia namba.

Tunapima elementi. Kalisi, fosforasi,
na pale kando, kilima kifupi kwenye grafu: florini.
Kigingi cha pili, kilima kile kile.
Ndugu wa tumbo moja, jino na mfupa,
ndiyo maana mmoja humnywea mwenzake sumu.

Humnywea, ndiyo. Lakini hadi lini?
Natazama tena kilima. Si kifupi hivyo.

Mlangoni anabisha mwanafunzi wa saa tano na saruji yake.
Naandika namba, kwa kuchelewa, kwa wino unaopakaa.
Halafu, kwenye ngazi, natuma ujumbe:
*Mama, mfupa umeshiba. Badilisha ndoo leo.
Meno ya ukubwani ya Kibor
bado yako chini ya ufizi, yanafinyangwa.*