Nyuzi Nne

Kijana wa dukani, pale Mkuti, Masasi,
anaitwa Nurdini. Amenipangia vishikwambi vitatu juu ya kioo
kama mchuuzi wa samaki: huyu mpana, huyu mnono.
Hiki, mama, kina gigabaiti sitini na nne.
Hiki kina kamera mbele na nyuma.
Kamera ya nini, mwanangu? Uso wangu naujua.
Mimi nimefuata sauti.

"Sauti? Vyote vinapiga kelele, mama."

Nikafungua pindo la kanga
nikatoa kadi ndogo kuliko ukucha.
Wimbo mmoja tu, dakika sita,
bendi ya kiwanda cha korosho, Nachingwea,
enzi mashine zikibangua usiku na mchana
na vidole vyetu vimebabuka kwa mafuta ya maganda.
Tulirekodi ghalani, maikrofoni moja,
magunia yakiwa ukuta.
Solo, Ligunda. Ngoma, Mchopa.
Waimbaji watatu; wawili tumeshawazika.
Besi, mimi, Somoe,
gitaa la kuazima, vidole vya kubabuka.

Tangu siku ile kila redio imenisengenya.
Kila simu imenifuta.
Wajukuu huniuliza: bibi, wewe uko wapi humu?
Niko chini, nawaambia.
Chini wapi?
Basi naonyesha sakafu, nao wanacheka.

Cha kwanza: nyuki ndani ya kopo la maziwa.
Ligunda analia puani, Mchopa anagonga bati.
Cha pili kina mdomo mpana.
Nurdini kakipandisha hadi mwisho, wapita njia wakageuka,
na kweli chini kulikuwa na kitu,
ila ni mngurumo, bodaboda limekwama matopeni,
noti zote nne zimekuwa uji mmoja.
Cha tatu nilikigeuza, nikakigonga mgongo
kwa kifundo cha kidole, kama mtu achaguaye dafu.
Kitupu. Sikukiwasha hata.
"Mama huyu!" Nurdini akasema, hakumalizia.

Ndipo akavuta droo, shingo upande,
akatoa cha nne. Kimetumika,
pembe imepasuka, mgongoni gundi ya kibandiko cha mtu.
Hiki nilikuwa nasikilizia mwenyewe, akasema,
akafuta spika za masikioni kwa shati lake,
akanivisha kama anayenivisha hereni.

Ghala likafunguka.
Nikasikia kwanza chumba, kabla ya wimbo:
mtu anasogeza gunia, Ligunda anakohoa, moja, mbili,
kisha, chini ya wote, mimi.
Mnene, mtulivu, natembea peku.
Nilikuwa najua kupiga, jamani. Sikuwa naota.
Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi.
Kwenye kupanda kibwagizo, hapo,
uzi wa tatu,
nikachelewa.

Kidogo. Kama kupepesa jicho.
Miaka yote hii nimejisifu kwa wimbo usio na doa
kwa kuwa doa lenyewe halikuwahi kusikika.
Nikarudisha nyuma. Nikachelewa tena.
Nikarudisha, safari hii nikamsikiliza Mchopa,
Mchopa aliyeninunia mwaka mzima
akisema besi si kazi ya mwanamke,
na mkono wake nikausikia unasita,
fimbo iko hewani, haishuki,
mpaka mimi nifike.
Ndipo anapiga.

Hakuwahi kunieleza. Na mimi sikuwahi kusikia.

"Vipi, mama?" Nurdini ananitazama machoni.
Nilichelewa, nikamwambia.
"Usijali, gari la Nachingwea lipo la saa tisa."

Laki mbili na themanini, alitaka.
Nikampa mbili na nusu, na korosho za kukaanga,
na spika za masikioni nikaondoka nazo.
Alilalamika kidogo tu.
Garini niliketi dirishani, nikaurudisha pale pale,
kwenye ile fimbo iliyo hewani,
Ndanda ikapita sikuiona.