Kidole cha Shahada

Ghorofa ya tatu, Göteborg, Novemba,
saa tisa u nusu na jua limeshafunga duka.
Mezani: kadi nyeupe isiyo na jina,
simu ya majaribio, kopo la biskuti za tangawizi,
na kamera darini inayotazama mikono tu,
kwa kuwa nyuso, tuliahidi, hatuzihifadhi.

Nimechora skrini kumi na moja.
Ya kwanza inakaribisha. Ya pili inaeleza:
kadi hii haina betri, inakula umeme wa simu,
iegemeze mgongoni pake, usiisogeze.
Ya tatu ina mchoro wa kidole cha shahada,
mistari yake imepangika kama matuta ya viazi,
na duara linalojaa kijani kila kinapogusa.
Mara sita. Hizo sita nilizibishania wiki nzima;
Torbjörn, mhandisi, alitaka kumi na mbili.

Wa kwanza, mwanafunzi, alimaliza akitafuna.
Wa pili alibonyeza ile picha kwenye kioo cha simu,
hakugusa kihisi cha kadi. Akabonyeza, akabonyeza,
akaiomba radhi simu. Niliandika: mchoro unadanganya.
Wa tatu alitaka kujua alama yake inakwenda wapi.
Haiendi popote, nikasema, inalala humo humo kadini.
"Basi semeni mwanzoni, msingoje skrini ya tisa."
Nikaandika na hilo, kwa mkono mzito.

Wa nne Bi Gunvor, miaka sabini na mitatu,
kaja kwa treni kutoka Lidköping
na miwani miwili: mmoja wa kusomea,
mmoja wa kuutafutia ule wa kwanza.

Akagusa. Nyekundu.
Akapangusa kidole kwenye sketi, akagusa. Nyekundu.
Skrini ikatoa maneno niliyoyatunga mimi,
siku moja baada ya chakula cha mchana, nimeshiba:
Kidole hakitambuliki. Jaribu tena.
Mara ya saba akakitazama
kama mtu anayemtazama shahidi aliyemgeuka kortini.

Tumefunzwa kunyamaza. Usimsaidie mshiriki,
usimwonyeshe njia, hesabu pumzi zako.
Nyuma ya kioo Torbjörn alikuwa akipiga vijistari.
Kidole kimoja hakivunji chawa, twajua toka utotoni;
sisi tulikitwika benki nzima.

"Miaka thelathini na mmoja," akaiambia kadi,
"kiwanda cha kauri, meza ya kusugulia.
Vikombe vinakuja vibichi, kabla ya tanuri,
vimejaa alama za vidole vya wenzangu.
Kazi yangu sifongo na maji. Kuzifuta.
Mteja hataki kunywea mkono wa mtu."
Akacheka kidogo. "Nilizifuta zote. Na zangu humo."

Hakuna skrini ya jibu hilo.

Nikavunja kanuni. Nikasema: vidole viko kumi.
Gumba, laini kama kijiko. Cha kati, nyekundu.
Cha pete, kijani mara mbili, kikachoka.
Akabaki na kile cha mwisho. Akatulia,
akainua hewani kikombe kisichokuwepo,
akakizungusha: vinne kazini,
kidogo kando kimesimama peke yake,
hakikulowa hata siku moja.

Kijani. Kijani. Kijani. Kijani. Kijani.
Mguso wa sita aliuchelewesha makusudi,
anitazame nikisubiri.

Jioni Torbjörn akaleta hesabu: mmoja kwa wanne,
kundi dogo, tusikimbilie.
Nikamuuliza mama yake alifanya kazi gani.
Akazima kompyuta. "Kufua mashuka ya hospitali."
Kisha, akivaa koti: "Haya, chora."

Nimekifuta kile kidole kizuri.
Nimechora kiganja wazi, vidole vyote, hakuna kiongozi.
Yale maneno mekundu nimeyaandika upya mpaka macho yanawasha.
Saa hizi yanasema: Kadi haijakiona vizuri. Una vingine.
Bado hayajakaa sawa, na kesho ni wa tano,
fundi wa kuezeka mapaa.

Kikombe chake cha kahawa kiko mezani.
Alikuwa amekigeuza, kusoma muhuri wa chini.
Nakiinua kwenye taa, nakizungusha:
hakina alama ya mtu,
ila sasa hizi zangu.