Aliyeliona Kwanza

Wa kwanza kuliona ni Kashata, punda wangu,
njia ya Matondoni, pale mchanga wa ujenzi unapomwagwa.
Alinusa, akakunja mdomo, akapita.
Punda anayekula katoni,
aliyewahi kula leso ya Mwana Somoe ingali kambani,
hilo hakulitaka.

Mimi nililiona baadaye:
jani la mikatomikato mfano wa kotmiri,
ua jeupe, dogo,
chenga ya mchele iliyosahauliwa kwenye ungo.
Nikalipita. Nani huhesabu nyasi?

Zikaja mvua za vuli. Likafika magotini,
likazunguka kisima, likaingia makaburini
bila hodi.
Mbuzi wa Bwanaheri walilila,
na chai ya maziwa ya asubuhi ile
ilimwagwa uani, na sufuria yake.

Ndipo akaja binti wa makumbusho, Rukia Famau,
na miwani, na magazeti ya mwaka juzi.
Akalilaza gugu katikati ya kurasa za michezo,
akalibana kwa mbao mbili na mshipi
kama aliyevunjika mguu.
"Hili halikuwapo kisiwani," akasema. "Ni jipya."
Akaandika jina refu, la lugha ya wafu,
na palipotakiwa jina la aliyeliona kwanza
akaandika lake.
Nikamtazama Kashata.
Akatikisa sikio moja.

Usiku barazani maneno yakachacha.
Limekuja na watu wa bara. Hapana, na bandari mpya.
Mmoja aliapa ni wenye majumba ya Shela.
Nikasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wakacheka: huyu tutampa la shingo!
Mwarobaini ukatudondoshea majani vichwani,
na hakuna aliyeuuliza
wewe ulishukia gati gani.

Nikarudi nyumbani kushona sogi lililofumuka.
Nilipolikung'uta, zikamwagika mshononi
mbegu nyeusi, ndogo kuliko chawa,
mia, labda mia mbili, juu ya mkeka.
Zilisafiri bure, mgongoni mwa Kashata,
mimi nyuma yake nikipiga kelele, "Simile! Simile!"
mji mzima unipishe.

Nimezifunga kwenye kipande cha karatasi.
Nitampelekea Rukia kesho. Au kesho kutwa.
Atauliza nimezitoa wapi.

Jembe nimelinoa, liko nyuma ya mlango.
Sijui nianzie kwa nani,
na hakuna nyumba ambayo sikuipelekea mchanga.