Kodi Tatu

Drijaru aliposema "kodi" nilishika mfuko wa shati.
Nilidhani watu wa manispaa wameshuka tena na vitabu vya risiti
kuja kuhesabu pampu yangu na viraka.
Kumbe ni vidole vitatu kukaa pamoja bila kugombana.
"Hii ni Ji meja," akasema.
Meja wa jeshi gani? nikamwuliza. Kambi ipi?
Akacheka mpaka gitaa nalo likacheka, tumboni.

Gitaa lenyewe ni deni.
Mkongomani mmoja aliliacha hapa Arua, mwaka wa pili huu,
rehani ya rimu moja na tairi mbili,
akashika njia ya Ariwara, akasema: Jumatano.
Hakutaja Jumatano ipi.

Mimi ni fundi baiskeli. Mikono yangu naijua.
Kiganja kilikufa ganzi tangu enzi za jembe la mama,
msumari ukikigusa unaomba radhi.
Lakini ncha za vidole vya kushoto,
nani angejua kwamba huko nilibaki mtoto mchanga?
Siku ya kwanza ziliwaka kama nimemenya pilipili.
Siku ya tatu kikombe cha chai kilinishinda.
Onzia akaniletea maji ya chumvi kwenye bakuli.
Hakusema pole.
Akasema: "Miaka hamsini na mbili."
Basi.

Mwalimu wangu ana kumi na mitatu.
Kajifunza Ediofe, nyuma ya kwaya, kwa kuchungulia.
"Mjomba, kidole cha pete kimelalia uzi wa jirani.
Kiamshe."
Nakiamsha. Kinatetemeka kama ndama wa saa moja.
Napiga: nyuzi nne zinaimba,
mmoja unakoroma,
mmoja umekata kauli kabisa.

"Tena."

Ya pili inaitwa Si, na kweli,
kila nikiiomba inajibu: si.
Ya tatu ni Di, hiyo tunaelewana kidogo.
Ila kukaa si kazi, kazi ni kuhama.
Kutoka Ji kwenda Si vidole huondoka
kama familia inayohama usiku:
mmoja kasahau sufuria,
mwingine karudi kufunga mlango,
na wimbo umesimama barabarani, mizigo kichwani, unasubiri.

Kitu kimoja tu sikufundishwa.
Uzi wa tano ulipolegea, Drijaru akanyoosha mkono anionyeshe,
mimi nilikuwa nimeshazungusha kitufe,
sikio limeinama,
kidogo, kidogo, hapo.
Akanitazama. "Umejuaje?"
Mtoto wee, miaka thelathini nagonga spoki kwa ukucha.
Iliyolegea hunung'unika, iliyokazwa mno hulia kama mbu,
na gurudumu likinyooka spoki zote husema neno moja.
Sikio nilikuwa nalo.
Sikujua lina kazi nyingine.

Wiki iliyofuata uzi ukakatika.
Nikafumua waya wa breki, nikachomoa unywele mmoja.
Unaimba kwa kutu, lakini unaimba.

Leo Adriko kaja kuchukua baiskeli yake,
kauliza anadaiwa ngapi.
Nikafungua daftari la madeni:
mistari sita, vitone vitatu,
mistari sita, vitone vitatu,
ukurasa mzima, na nyuma yake pia.
"Hesabu gani hii, fundi?"
Kodi, nikamwambia.
Akatoa elfu tano, akapanda, akaenda zake haraka
kabla sijageuza ukurasa mwingine.

Ipo moja bado, inaitwa Efu.
Kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita
kama mlinzi aliyelala kizingitini,
halafu vingine vipite juu yake bila kumwamsha.
Nimejaribu. Mkono ulishikwa na mkakamao hadi kwenye kiwiko
na sauti iliyotoka ilimfukuza kuku wa jirani.
Drijaru anasema tuiache, labda mwakani.

Mimi nimesema Jumatano.